Toroli limenikata kisigino, fomeni anasema nimejitakia

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 29. Kazi yangu ni kuhamisha mota, pampu na vipuri kutoka stoo kwenda karakana, na kuvirudisha vikishatengenezwa. Upande wetu hakuna mashine ya kunyanyulia mizigo. Tuna matoroli manne ya chuma, ya magurudumu manne, na mikono yetu.

Siku kumi na mbili zilizopita nilipakia mota mbili na kreti la vipuri. Kibati cha kila mota kimeandikwa kilo 140. Kreti nalikadiria kilo 60, na toroli lenyewe tupu tunaambiwa ni kilo 60 pia. Kreti lilikaa juu ya mota, likanifika usoni, kwa hiyo nikisukuma sioni mbele. Nikageuka nikavuta, kama tunavyofanya wote pale.

Kati ya stoo na karakana kuna mteremko mfupi, hatua kama kumi hivi, na pale unapoanzia sakafu ina ufa. Gurudumu moja la mbele la toroli lile lina ugonjwa wake wa siku nyingi: linatetema, linalia, na likichoka kabisa haliviringiki, linaburuzwa tu. Likanasa kwenye ufa. Nikavuta, wapi! Nikajikaza, nikavuta kwa nguvu zote huku nimeligeuzia mgongo. Likachomoka ghafla, likanifuata. Ukingo wa bamba la chini ukanipiga nyuma ya mguu wa kulia, juu kidogo ya kisigino. Nilisikia mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjwa, nikadhani ni ubao wa kreti.

Kidonda kilikuwa cha upana wa vidole viwili. Mwenzangu alikisafisha akanifunga bandeji kutoka kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Nilipumzika siku mbili nikarudi kazini. Sasa kimefunga. Natembea, ingawa nachechemea, na jioni mguu unavimba kidogo. Hospitali sikwenda, niliona ni kidonda tu. Kitu kingine ni kidogo, sijui hata kama nikiseme: nikitaka kufikia rafu ya juu siwezi kusimama kwa vidole vya mguu ule. Unakataa. Natumia wa kushoto.

Fomeni alipokuja hakunipa hata pole. Alininyooshea bango la ukutani: SUKUMA, USIVUTE. Akasema, "Wewe mtu mzima, umesoma, ukavuta. Umejitakia." Kwenye kitabu cha ajali hakuandika kitu, kwa sababu eti kidonda cha siku mbili hakihesabiwi kuwa ajali. Kaka mmoja pale kazini, ambaye ametutangulia wote, ananiambia nisahau, ninunue mkanda wa kufunga kiunoni kwa hela yangu, nichape kazi. Mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu, na huu uliopo unakaribia kuisha.

Naomba unijibu mama. Kweli kosa ni langu? Nidai iandikwe sasa hivi wakati siku zimeshapita, au ninyamaze nilinde kibarua? Na huo mkanda unasaidia?

Ni mimi,
Kisigino

*

Marahaba, mwanangu Kisigino. Pole sana, hiyo uliyonyimwa na fomeni ichukue kwangu.

Maswali yako matatu nitayajibu yote, ila kubwa kuliko yote hukuliuliza. Umelificha kwenye sentensi fupi katikati ya barua na kuliita "kidogo". Mtu aliyepigwa na chuma juu ya kisigino, akasikia mlio, kisha akawa hawezi kusimama kwa vidole vya mguu huo, anatakiwa kuonwa na daktari kesho asubuhi. Usingoje siku yako ya mapumziko.

Pale nyuma, unapoweza kuishika kwa vidole viwili, kuna kano nene inayounganisha shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Ndiyo inayokuinua unaposimama kwa vidole. Ikikatika, ngozi inaweza kufunga vizuri juu yake na mtu akatembea, kwa kuwa misuli mingine midogo ya mguu husaidia kuukunja wayo. Ndiyo maana watu hudanganyika, na hata waganga wenye haraka hudanganyika pia: wanaona kovu safi, wanaona mgonjwa ameingia kwa miguu yake, wanaandika dawa ya maumivu. Nimefanya uuguzi kwenye zahanati ya kiwanda, na kijana wa kwanza niliyemwona na jeraha kama lako nilimfunga bandeji nikamruhusu arudi zamu. Sijajisamehe sawasawa.

Leo usiku jaribu hivi. Lala kifudifudi kitandani, nyayo zining'inie nje ya godoro. Mwombe mtu aliyepo nyumbani akubinye shavu la mguu wa kushoto, pale panaponenepa. Utaona wayo unajisogeza, vidole vinaelekea mbali nawe, bila wewe kufanya lolote. Kisha abinye wa kulia kwa namna ile ile. Wayo wa kulia ukibaki umening'inia tu, au ukisogea kwa shida kuliko mwenzake, kuna uwezekano mkubwa kano imekatika. Ukisogea sawasawa, hospitali unakwenda vilevile, kwa sababu ya hivyo vidole vinavyokataa na kwa sababu wewe na mimi si wapimaji. Ukifika usianze na habari za fomeni. Sema: "Nilipigwa na ukingo wa chuma hapa, nilisikia mlio, siwezi kusimama kwa vidole." Uliza kama unaweza kupigwa picha ya mawimbi ya sauti, ile wanayopigwa wajawazito, inaonyesha kano pia. Uliza na sindano ya pepopunda. Ugonjwa huo kwa kawaida hujitokeza kati ya siku 3 na 21 tangu mtu ajeruhiwe, kwa hiyo bado hujatoka humo.

Naharakisha kwa sababu kano iliyokatika haisubiri. Ncha zake mbili hujivuta na kuachana, na kadiri wiki zinavyopita ndivyo kuziunganisha kunavyokuwa kazi ngumu zaidi. Mpaka daktari atakapokuona, usisukume toroli lolote, usiruke, na usikubali mtu akukande wala akunyooshe huo mguu.

Haya, tuje kwa fomeni na bango lake.

Bango limesema kweli. Kusukuma ni bora: unaegemea mzigo kwa uzito wa mwili wako, unaona unakokwenda, na toroli likikushinda linakukimbia badala ya kukukimbilia. Anayevuta huku anatembea mbele hupeleka mkono mmoja nyuma, bega na kiuno vikajisokota, na visigino vyake viwili viko wazi njiani mwa chuma. Hata buti za kazini hazimwokoi. Kile chuma cha mbele hupimwa kwa kishindo cha joule 200, sawa na kitu cha kilo 20 kikianguka kutoka kimo cha mita moja hivi, lakini kinalinda vidole. Nyuma, juu ya kisigino, mara nyingi kuna ngozi au kitambaa tu.

Ila bango halimpi mtu macho ya kupenya kreti. Ungesukuma bila kuona mbele, ungemgonga mwenzako, na fomeni angekuuliza kwa nini hukuvuta. Mlipewa toroli na mzigo ambao kuusukuma ni kosa na kuuvuta ni kosa, na hakuna aliyesimama kuuliza mzigo ule ulifikaje kimo cha uso wako. Sehemu yako ipo, sitakuficha. Kreti lingeweza kwenda safari ya pili. Lakini najua safari ya pili inavyotazamwa mahali ambapo kila mtu anahesabiwa dakika, na wewe mwenyewe umesema mnavyofanya wote. Wote wakifanya kosa moja, na msimamizi anawaona kila siku, hapo tunaongelea utaratibu wa kazi.

Sasa tupige hesabu, maana hesabu haina bosi. Mota mbili, kreti na toroli ni kilo 400. Kwenye sakafu ngumu, iliyo sawa, toroli likiwa na magurudumu mazima, nguvu ya kulisukuma ni angalau asilimia 2 ya uzito huo, yaani kama kilo 8. Mtoto mkubwa anaweza. Sakafu ikiwa na mashimo na nyufa, nguvu ya kuanzisha mwendo inaweza kufika asilimia 10, yaani kilo 40. Mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza inatoa kipimo cha kuangalizia: mwanamume kilo 20 kwa kuanzisha au kusimamisha mzigo, na 10 kwa kuuendeleza, mwanamke 15 na 7. Hiyo si amri ya kumfunga mtu. Ni mstari ambao ukivukwa, mwajiri anapaswa kuisimamisha kazi na kuiangalia vizuri. Wewe pale kwenye ufa, na gurudumu lisilozunguka, ulikuwa umeuvuka mstari huo mara mbili kabla hata ya kufika mteremkoni.

Na mteremko wenyewe? Sijauona, lakini chukua mfano wa ule unaoshuka sentimita 8 hivi kwa kila mita. Kilo 400 zikiwa juu yake hujivuta kwenda chini kwa nguvu ya kilo 33. Toa 8 zinazoliwa na magurudumu, zinabaki 25 zinazotafuta mtu wa kumkanyaga. Wewe ulikuwa upande wa chini. Ulivuta kwa nguvu zako zote ili utoke kwenye ufa, ukatoka, na papo hapo mteremko ukakudaka. Hakuna mwanadamu anayevuta kwa mikono yote miwili kisha akawahi kuruka pembeni.

Namba hizi usinikopeshe imani, zipimeni wenyewe. Mtu mwingine, si wewe mwenye mguu huo, achukue mizani yenye ndoano, aing'ang'anize kwenye kishikio, avute taratibu mpaka toroli lianze kusogea, asome. Apime lile bovu na lililo zima zaidi, kwa mzigo uleule. Nina hakika tofauti itazungumza kuliko barua yangu.

Lile gurudumu ndilo ninalolitaka hasa. Kabla halijabadilishwa kimyakimya, mwombe fundi mlipindue toroli likiwa tupu, mtazame. Mara nyingi utakuta utepe wa plastiki wa kufungia maboksi umejisokota kwenye ekseli, umechanganyika na nyuzi na vumbi mpaka umekuwa kama shingo ya kamba. Utakuta beringi kavu, haijaonja grisi tangu siku ilipozaliwa. Na kwa kuwa umesema huwa linaburuzwa, tazama mzingo wake: huenda kuna sehemu imelika ikawa bapa, upana wa kidole gumba. Bapa hiyo haitokei siku moja. Ni ushahidi kwamba gurudumu lilikuwa halizunguki muda mrefu, watu wanapita, wanalisikia likilia. Piga picha, weka sarafu au kidole pembeni ili ukubwa wake uonekane.

Mtakaposema nini kifanyike, msianze na kuomba semina. Semina ya jinsi ya kusukuma ni nzuri, ila magurudumu mabovu hayahudhurii. Ufa uzibwe, ni saruji kidogo na jioni moja. Magurudumu yabadilishwe, na kwa sakafu kama yenu yawe makubwa kuliko hayo, kwa kuwa gurudumu kubwa huvuka ufa ambao dogo huutumbukia. Yale mawili yanayogeuka yakae upande wa kishikio, yasiyogeuka yawe mbele. Mzigo usipite kifua. Kwenye mteremko wawepo watu wawili, na toroli liwe na breki ya mkononi. Toroli la kilo 400 lisilo na breki mteremkoni mimi silitambui kama kifaa cha kazi. Kama mizigo hiyo ni ya kila siku, basi wakati wa winchi ndogo au kigari cha kuvuta mizigo chenye mota yake umeshafika, ingawa najua hilo litajibiwa kwa kikohozi.

Mkanda wa kiunoni, usinunue. Kaka yako amekushauri kwa upendo, na mkanda humpa mtu hisia ya kushikwa, lakini taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, iliupitia ushahidi uliokuwepo mwaka 1994 ikasema haioni sababu ya kuwashauri watu wazima wenye afya wauvae kuzuia maumivu ya mgongo. Tena jeraha lako liko kisiginoni! Zaidi ya hapo, Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika ibara ya 21 kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Mkataba huo mwaka 2022 uliwekwa miongoni mwa mikataba ya msingi ya shirika hilo. Ibara yake ya 13 nayo inamlinda mfanyakazi aliyejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya maana. Chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi ya eneo lenu watakuambia sheria ya nchi yako imeyachukuaje hayo.

Kuandikisha ajali: ndiyo, na leo. Siku kumi na mbili si nyingi, lakini sheria za fidia sehemu nyingi huweka muda wa kutoa taarifa, na kila siku unayonyamaza unampa mtu nafasi ya kusema mguu uliumia mpirani. Usiandike hadithi ndefu wala usimtaje mtu kwa ubaya. Andika hivi:

"Tarehe fulani, saa fulani, nikihamisha mota mbili na kreti moja kwa toroli namba fulani, gurudumu la mbele kulia lilinasa kwenye ufa mwanzoni mwa mteremko. Lilipochomoka, bamba la toroli lilinipiga nyuma ya mguu wa kulia. Fulani alinifunga bandeji. Hadi leo siwezi kusimama kwa vidole vya mguu huo. Naomba taarifa hii iingizwe kwenye kitabu cha ajali na toroli hilo lisitumike hadi litakapotengenezwa."

Rekebisha nilipokosea, sijui kama gurudumu ni la kulia. Weka sahihi, piga picha, nakala moja ibaki kwako. Fomeni akikataa kuipokea, itume kwa ujumbe wa simu kwa yeye na aliye juu yake, ili saa na tarehe vijiandike vyenyewe. Karatasi ya hospitali uiambatanishe ukishaipata.

Kibarua je? Siwezi kukuahidi kwamba hawatanuna. Mkataba wa miezi mitatu ni kamba fupi, na wapo wanaoivuta kwa makusudi. Lakini pima upande wa pili: ikiwa kano imekatika, utahitaji gipsi au upasuaji, na miezi kadhaa bila kusukuma kitu. Mtu asiye na mstari hata mmoja kitabuni huingia kwenye miezi hiyo kama mtu aliyejiumiza nyumbani kwake. Kazi ataikosa na haki pia ataikosa.

Usiende peke yako, lakini. Jioni, mkibadilisha nguo, waambie wenzako wapandishe suruali mpaka kwenye shavu la mguu wageuke. Nitashangaa sana kama ni wewe tu mwenye alama pale nyuma. Huyo kaka anayekuambia usahau, mtazame yeye wa kwanza. Mkiwa watatu wenye makovu ya kimo kimoja, kimo cha bamba la toroli, mwendeeni fomeni kwa heshima, mmwambie: "Fomeni, bango tumelisoma. Tusaidie tuweze kulifuata." Huenda naye amekuwa akiomba magurudumu mapya huko juu asisikilizwe, na karatasi yako ikawa ndiyo aliyokuwa anaikosa.

Ukitoka hospitali niandikie, mwanangu. Nataka kujua jambo moja tu kwanza: ulipobinywa, wayo ulisogea au haukusogea?